Kutoka Sinki Hadi Tutani: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Jiko na Bustani ya Uani kwa Pamoja

Mwaka wa kwanza tulipohamia Kigamboni, miche 14 ya nyanya ilininyaukia ndani ya siku 9, nayo ilikuwa imeshaanza kutoa maua. Mwezi huohuo kabati la chini ya sinki, lililotengenezwa kwa mbao za kubanwa, lilivimba likachanuka kama mkate uliolowa, na mende wakahamia humo. Niliyachukua hayo kuwa matatizo mawili. Nikanunua dawa ya nyanya, nikamlalamikia fundi wa kabati.

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Pangani, hakuanza na nyanya wala kabati. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akauliza, "Mwanangu, maji ya kuoshea vyombo yanakwenda wapi?" Nikamwonyesha: bomba linatoka ukutani na kumwaga hapohapo chini ya dirisha, hatua mbili kutoka tuta la nyanya. Akaokota kijiti, akakichomeka ardhini. Kiliingia chote bila kazi, kikatoka cheusi kinanuka. "Basi hapo ndipo pa kuanzia," akasema.

Tangu siku ile nimetengeneza uani kwangu, kwa dada yangu Chanika na kwa majirani wawili, na kila mara naanza na swali lake. Jiko na bustani vinapokezana maji, maganda, majivu na wadudu kutwa nzima. Ukitengeneza kimoja ukaacha kingine, ubovu unarudi kupitia mlango wa nyuma. Ninayoeleza hapa nimeyafanya katika uwanja wa mchanga wa Pwani, jiko likiwa na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 3. Vipimo vya kwako vitakuwa vingine, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Kwanza: kaa siku moja uangalie

Chukua karatasi uchore nyumba, mlango wa nyuma, bomba la sinki, shimo la choo, kisima kama kipo, na ukuta wa jirani. Toka nje saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, na kila mara weka alama pale jua linapopiga. Nyanya, bamia, biringanya na pilipili zinahitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Mchicha, matembele, chainizi na figiri huridhika na saa 4.

Kumbuka kwamba jua linahama. Hapa Dar es Salaam mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita upande wa kusini. Sehemu iliyoko kusini mwa ukuta mrefu inaweza kuwa na jua zuri Desemba na kivuli kizito wakati wa kipupwe. Dada yangu alipanda pilipili mahali pa namna hiyo, zikarefuka zikitafuta mwanga na zisizae. Tulipozihamishia upande wa pili zilianza kuweka maua.

Siku hiyohiyo hesabu ndoo za maji zinazopita jikoni, na uangalie moshi na mvuke unaelekea wapi. Kusi na kaskazi havivumi upande mmoja, kwa hiyo dirisha linalotoa moshi vizuri Julai linaweza kuurudisha ndani Januari.

Pili: mpe maji ya sinki njia yake

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ni ya bei nafuu. Maji ya jikoni yagawe mafungu matatu.

Maji ya kuoshea mchele, maharage, mboga na matunda ni mali. Weka ndoo kando ya sinki uyamwage humo, kisha uyapeleke tutani siku hiyohiyo. Yakilala yanaanza kunuka.

Maji ya vyombo, yenye sabuni na mafuta, yasiende kwenye mboga za majani. Chumvi zilizomo kwenye sabuni nyingi, hasa za unga, huugandisha udongo, na mafuta huziba vinyweleo vyake hadi mizizi ikose hewa. Haya yapelekwe kwenye shimo la kokoto lililozungukwa na migomba.

Fungu la tatu ni maji yenye klorini, dawa za kusafishia, na maji yaliyooshea kuku au nyama. Hayo yaingie kwenye shimo la maji taka la nyumba. Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa yatie kwenye chupa, uifunge, uitupe na taka.

Kabla maji ya vyombo hayajafika shimoni, yapitishe kwenye mtego wa mafuta. Unautengeneza kwa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Toboa tundu la bomba la inchi 2 juu kidogo ya theluthi mbili ya kimo cha ndoo. Hapo ndipo maji ya sinki yanapoingia. Upande wa pili toboa tundu lingine, sentimita 5 chini ya lile la kwanza, upitishe bomba la kutolea. Kwa ndani, bomba hilo la kutolea lifunge kiwiko kinachoshuka hadi kibaki kama sentimita 15 kufika kitako cha ndoo. Mafuta yanaelea juu na mabaki mazito yanatua chini. Maji ya katikati, yaliyo masafi zaidi, ndiyo yanayonyonywa na kiwiko na kutoka. Ziba matundu vizuri kwa mpira au gundi ya mabomba. Kila Jumamosi funua, chota ule utando mweupe kwa kikombe kikuukuu, uuchanganye na majivu na kuutupa. Ukiruka wiki tatu, harufu itakukumbusha.

Bomba liende kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Chini ya sinki hakikisha pana kile kipande cha bomba kilichopinda kama herufi U. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo mlango unaozuia harufu na mende. Kwangu fundi alikuwa ameweka bomba lililonyooka, na kiungio kilikuwa kinadondosha tone kila baada ya sekunde chache. Hilo tone ndilo lililoozesha kabati.

Shimo lenyewe lichimbwe angalau mita 3 kutoka msingi wa nyumba na mita 30 kutoka kisimani, upana mita 1, kina sentimita 70. Kabla ya kulijaza, mimina maji hadi juu. Kama kesho yake bado yamesimama, udongo wako ni mzito, hivyo chimba mtaro mrefu badala ya shimo. Jaza kokoto au vipande vya tofali, tandika majani makavu juu, kisha udongo kidogo. Maji yasionekane kabisa juu, maana mbu hawahitaji zaidi ya kidimbwi cha siku chache. Panda migomba mitatu pembeni. Wangu ulinipa mkungu wa kwanza mwaka uliofuata.

Tatu: maganda yawe mboji

Hapa sitakaa sana. Fungu moja la maganda mabichi, mafungu mawili au matatu ya vitu vikavu: majani yaliyopukutika, nyasi kavu, maboksi yaliyochanwa. Yalowe kiasi cha kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kila wiki, na ndani ya miezi 2 hadi 3 utakuwa na mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi ya mvua. Ikinuka vibaya, ongeza vikavu. Nyama, samaki na wali wenye mafuta usitie, vinaita panya. Majani yenye ugonjwa pia usitie. Samadi ya kuku ikae miezi kadhaa kwanza, kwani ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Nne: udongo wa mchanga na maji ya chumvi

Mchanga wa Pwani haushiki maji wala mbolea. Kwa kila mita moja ya mraba ya tuta changanya ndoo mbili za mboji au samadi iliyoiva, hadi kina cha koleo, na urudie kila msimu. Kisha tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Matandazo yanapunguza maji unayomwagilia, na kwa sisi wa visima vya chumvi yana kazi ya pili: maji yanapokauka juu ya udongo huacha chumvi yake hapo, kwa hiyo kadiri udongo unavyokauka polepole ndivyo chumvi inavyojikusanya polepole.

Utajuaje kama maji yako ni tatizo? Mimina kikombe kimoja kwenye sahani nyeusi, uiache juani hadi ikauke. Ukibaki ukoko mweupe mzito, una chumvi au chokaa nyingi. Ishara ya pili ni ncha za majani kukauka na kuwa kahawia kama zimechomwa, huku udongo ukiwa na unyevu.

Maharage na karoti haziyawezi kabisa maji hayo, na vitunguu navyo husumbuka. Spinachi, na ile mboga tunayoiita bitiruti, huvumilia vizuri zikishaota. Mara moja kwa wiki mwagilia kwa wingi, mara mbili ya kawaida, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Miche michanga na mbegu zinazoota zipe maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji, hivyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 800, ukiondoa kidogo inayorukia nje. Mvua moja nzuri ya masika inajaza sehemu kubwa ya tangi la lita 1,000. Maji ya dakika za mwanzo yaache yapite, yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Kama huna ardhi, tumia viroba. Changanya mafungu mawili ya udongo, moja la mboji, na nusu ya mchanga kama udongo ni mzito. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu kadiri unavyojaza. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayofikisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni upande mboga. Makopo ya rangi za kale na madumu ya viuatilifu usiyatumie kwa chochote kinacholiwa.

Tano: soma ugonjwa kabla ya kununua dawa

Fedha nyingi za wapanda bustani zinapotelea hapa. Mtu anaona jani limenyauka, anakwenda dukani, anapewa chupa, anapulizia. Nami nilifanya hivyo, na dawa niliyopewa ilikuwa ya ukungu ilhali tatizo langu lilikuwa bakteria.

Kwa mmea unaonyauka ukiwa bado wa kijani, ukilegea mchana na kuinuka kidogo usiku, fanya jaribio la glasi. Ng'oa mmea mmoja, kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na mizizi. Jaza glasi angavu maji safi, shikilia kipande ili ncha yake ya chini iguse maji, utulie. Ikiwa ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe mwembamba ukishuka kutoka kwenye shina, kama maziwa yanayotoka kwenye tundu la sindano. Nilipouona mara ya kwanza nilikaa kimya, maana ulinieleza kitu ambacho majani yasingeweza kunieleza. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya ugonjwa huo. Ng'oa mimea iliyougua, ichome, na mahali hapo usipande nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Weka mahindi au mboga za majani zisizo za ukoo huo. Mnavu ni wa ukoo huo, uache. Bakteria hao hupenda udongo wa joto uliolowa muda wote, na bomba langu la sinki lilikuwa linawaandalia.

Ukiona hakuna uzi, ng'oa mmea mwingine utazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Mwezi Januari au Februari, jua likiwa kali, mwagilia tuta, lifunike kwa nailoni angavu, zika kingo zake, uiache wiki 4 hadi 6. Joto litawapunguza sana. Nyanya ya Tengeru 97, iliyotokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, inahimili minyoo hao.

Majani yakiwa na michirizi mipana mieupe, kama yamelambwa katikati ya ngozi mbili, shika jani ulielekeze juani. Ukiona kiwavi kidogo ndani na vinyesi vyeusi, huyo ni kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Dawa nyingi ameshazizoea. Kwa bustani ya miche 10, mikono na wavu ndiyo silaha: kila asubuhi chuma majani yenye michirizi, yatie kwenye mfuko wa nailoni, funga, uuache juani siku kadhaa. Funika mimea kwa wavu wenye matundu madogo tangu siku ya kuihamisha kutoka kitaluni, kabla nondo hajataga.

Majani ya juu yakijikunja na kudumaa, ugonjwa ambao wakulima wengi wanauita rasta, ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe. Ng'oa mmea huo mapema, usiuhurumie.

Wadudu mafuta kwenye mchicha na kunde, wale wanaokaa wamejazana chini ya jani na kuliacha likinata, wanaondoka kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja ya maji, jioni, upulizie chini ya majani, na asubuhi suuza kwa maji safi. Wakizidi, tumia mwarobaini. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, pulizia jioni inayofuata. Jua linaiua nguvu yake haraka, hivyo tengeneza ya kutumia siku hiyo tu.

Miche ya kitaluni ikianguka shingoni kama imebanwa na kidole, ni kinyausi: punguza maji, tawanya miche ipate hewa, na mbegu zijazo ziweke kwenye udongo mpya. Ikiwa imekatwa kabisa asubuhi na kulazwa, ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Chimbua kidole kimoja kando ya shina utamkuta amejikunja. Kinga ni kola ya karatasi ngumu iliyozama sentimita 3 ardhini.

Nyanya zenye doa jeusi lililodidimia kitakoni wengi huzipulizia dawa bure. Huo ni ukosefu wa kalsiamu unaotokana na kumwagilia leo sana na kesho kusahau. Panga saa moja ya kumwagilia uishike. Na maua yakipukutika Januari, usiutafute ugonjwa: usiku ni wa moto mno kwa nyanya. Panda kitalu Aprili au Mei ili zizae kwenye ubaridi wa kipupwe.

Konokono wakubwa waokote usiku kwa tochi, mkono ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu wanaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru binadamu. Mboga walizopita zioshe vizuri na uzipike.

Ikibidi kununua kiuatilifu, soma lebo: kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na utazame siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa yenye siku 14 haifai kwenye mchicha unaouchuma kila wiki kwa ajili ya watoto.

Sita: rudi ndani, anza na kimo cha meza

Watu wakitaka kupendezesha jiko huanza na rangi na tailizi. Mimi nakusihi uanze na mwili wako. Simama wima, kunja kiwiko, mwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Toa sentimita 12. Hicho ndicho kimo cha meza ya kukatia. Kiwiko changu kiko sentimita 100, meza yangu ni 88.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi hawaifikirii: ugali. Ukiweka jiko la mezani la gesi, lenye kimo cha sentimita 12, juu ya meza ya 88, kisha sufuria ya kimo cha 15, mdomo wa sufuria unafika 115, juu ya kiwiko. Utasonga ugali wa watu sita bega likiwa limeinuliwa. Mama zetu walisonga wakiwa wameinamia chungu, uzito wa mwili ukisaidia mwiko. Kwa hiyo ishushe sehemu ya jiko. Mimi nilijengewa meza ya ngazi mbili: 88 kwa kukatia na sinki, na 60 kwa jiko, upana wa sentimita 70. Mdomo wa sufuria sasa uko 87, na mwiko unashuka kwa uzito wa mkono. Maumivu ya bega niliyokuwa nikiyapaka dawa kila usiku yaliisha mwezi huo. Kama kuna watoto wadogo, jenga kizingo cha tofali cha sentimita 15 mbele ya sehemu hiyo, na mikono ya sufuria ielekee ukutani.

Meza ya zege inashinda mbao katika hewa yetu ya bahari. Jenga kuta fupi za tofali kila baada ya mita 1 hivi, funga mbao za kushikilia zege, panga nondo za milimita 10 kila sentimita 20 kwa pande zote mbili, ziinuliwe sentimita 2 kutoka kwenye mbao. Zege liwe fungu moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto ndogo. Mchanga usiwe wa ufukweni, chumvi yake inalisha nondo kutu. Meza ya mita 2 kwa sentimita 60, unene sentimita 7.5, inakula chini ya mfuko mmoja wa kilo 50. Acha tundu la sinki na la bomba kabla ya kumwaga. Limwagilie maji mara mbili kwa siku kwa siku 7, na mbao usizitoe kabla ya siku 14, hata fundi akiwa na haraka. Juu weka tailizi au saruji iliyosuguliwa hadi ing'ae. Mimi nilichagua saruji, kwa sababu mistari kati ya tailizi hushika mafuta.

Chini ya sinki usiweke kabati. Acha wazi, piga lipu laini, tundika pazia. Bomba likivuja utaliona siku hiyohiyo. Kwa vyombo vikavu, rafu za zege au za mbao ngumu zilizopakwa vanishi zinatosha. Mende wakiwa bado wapo, changanya unga wa asidi ya boriki na sukari kwa kipimo sawa, weka kwenye vifuniko vya chupa nyuma ya rafu, mbali na watoto na kuku.

Saba: moshi na gesi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa wengi wetu, mtungi wa kilo 6 unakaa pamoja na mkaa, na maharage bado yanapikwa kwenye mkaa. Basi mkaa uupe mahali pake nje, chini ya kibanda cha bati kilicho wazi pande tatu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu huzimia usingizini.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Dirisha pekee halitoshi, toboa matundu ukutani sentimita 10 kutoka sakafuni yanayotoka nje, na uyawekee wavu wa chuma kwa ajili ya panya. Mengine yawe juu, karibu na dari, kwa mvuke. Mtungi usimame wima, ikiwezekana nje ukutani ndani ya kizimba chenye hewa. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Ukinusa gesi ndani usiwashe wala kuzima taa. Funga koki, fungua milango, toa watu.

Rangi ije mwisho. Nyuma ya jiko paka rangi ya mafuta, inafutika kwa kitambaa. Kwingine nyeupe inatosha, kwani mwanga utaongezeka bila kuongeza balbu.

Mpangilio wa mwaka

Kama fedha ni za mafungu, mimi ningefuata kalenda. Januari na Februari: mtego wa mafuta, shimo, na tuta kufunikwa nailoni. Machi, kabla ya masika kuchanganya: mifereji ya paa na tangi. Aprili hadi Mei: kitalu cha nyanya chini ya wavu, na matembele yachomekwe, vipande vya sentimita 30, mvua ikiwa bado ipo. Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu na baridi: hamisha nyanya, na ndani mwaga zege la meza. Septemba rangi. Oktoba, vuli inapokaribia, mboji ya miezi mitatu irudi tutani, mchicha na figiri vimwagwe, na kijiti kile kichomekwe tena chini ya dirisha la jiko. Kikitoka kikavu, maji yako yanafuata njia uliyoyapa.